Mjomba anasema chuo cha mkoani Ufaransa ni kupoteza wakati. Je, ana haki?

"Salaam mtaalamu. Nina miaka 27 na digrii ya jiolojia ya miaka minne kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Nafanya kazi ya mkataba kwenye visima vya jotoardhi huko Olkaria, na mkataba unaisha Juni mwaka ujao. Bosi wangu wa zamani amenishauri niombe masta ya volkano katika chuo kikuu cha Clermont-Ferrand, Ufaransa. Mjomba wangu aliyeko Paris anasema hicho ni chuo cha mkoani tu, na asiyesoma Paris hajasoma Ufaransa. Ajenti mmoja hapa mjini anataka Sh 85,000 anitafutie nafasi. Anadai masomo ya Ufaransa ni bure, na kwa kuwa digrii yangu ni ya miaka minne nitaingizwa moja kwa moja mwaka wa pili. Akiba yangu ni Sh 700,000. Kifaransa sijui hata neno. Nifanyeje?"

Dada yangu, nikikusoma vizuri, volkano hazikutishi. Unachoogopa ni kumaliza akiba na miaka miwili, kisha urudi na cheti ambacho mwajiri Nairobi atakigeuza geuza na kuuliza, "Hiki chuo kiko wapi?" Hofu hiyo ina maana, na haitibiwi kwa kuambiwa "usijali". Mjomba ana chembe ya ukweli katika maneno yake. Ajenti hana.

Tuanze na mjomba. Ufaransa ina mlango mwingine wa elimu ya juu ulio kando ya vyuo vikuu: shule teule za uhandisi, biashara na utawala, ambazo huingiwa kwa mitihani ya kuchujana. Nyingi zinazotajwa kwa heshima ziko Paris na viunga vyake, na wakubwa wengi wa serikali na makampuni wamepitia huko. Mtu aliyeishi Paris miaka mingi huona ngazi hiyo na kudhani ndiyo ngazi ya kila fani. Lakini chuo kikuu cha umma ni kitu kingine kabisa. Masta inayoitwa "diplôme national de master" ni shahada ya dola. Wizara inayosimamia elimu ya juu ndiyo inayoidhinisha programu, na kisheria cheti cha Clermont, cha Paris na cha Strasbourg vina uzito mmoja. Muhula ni krediti 30 za Ulaya kote nchini, masta nzima ni krediti 120.

Unachopaswa kuangalia kwa makini, kuliko jina la mji, ni maneno yaliyoandikwa juu ya programu yenyewe. Ukiona "diplôme d'université", kwa kifupi DU, hiyo ni stashahada ya chuo chenyewe. Inaweza kuwa na mafunzo mazuri, ila si shahada ya dola, na ndiyo inayowaletea watu taabu wanapotaka itambuliwe wakirudi nyumbani. "Mastère spécialisé" nayo si masta ya dola ingawa jina linafanana. Watu wamelipa pesa nyingi kwa sababu ya herufi moja ya ziada na alama moja juu ya herufi nyingine.

Sasa chuo chenyewe. Université Clermont Auvergne kwa jina hili ni kijana: kilizaliwa tarehe 1 Januari 2017, vyuo viwili vya mji huo vilipoungana, Université d'Auvergne na Université Blaise Pascal. Vyuo hivyo vilikuwa kimoja mpaka 1976, vikatengana, vikarudiana baada ya miaka arobaini, kama baadhi ya ndoa. Vitivo vya sayansi na fasihi vya Clermont vilianza 1854. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, chuo kikuu cha Strasbourg kilihamishiwa huko kukimbia mpaka wa Ujerumani, na tarehe 25 Novemba 1943 askari wa Kijerumani walivamia majengo, wakakamata mamia ya wanafunzi na walimu na kuwapeleka wengi kwenye kambi za mateso. Leo kina wanafunzi zaidi ya 30,000 katika mji wenye wakazi wapatao 150,000 ukiondoa viunga vyake, yaani mji ambao chuo na kiwanda cha matairi cha Michelin ndivyo vinavyoupa sura.

Historia hiyo ina faida ya papo hapo kwako. Ajenti yeyote akikuonyesha barua ya kukubaliwa ya mwaka huu yenye nembo ya "Université Blaise Pascal", ondoka kimya kimya. Jina hilo halijatoa barua mpya tangu 2017. Kwenye makala za kisayansi za zamani utalikuta, na hapo ni halali.

Kwa nini bosi wako alikutajia Clermont na si Paris? Kwa sababu ya ardhi. Mji umekaa chini ya safu ya Chaîne des Puys, volkano zipatazo 80 zilizopangana kama vichuguu, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kilele chake kinachojulikana zaidi, puy de Dôme, kina mita 1,465 na kiko kilomita kama kumi magharibi ya mji. Mnamo tarehe 19 Septemba 1648, Florin Périer alipanda mlima huo na mrija wa zebaki kwa maagizo ya shemeji yake, Blaise Pascal, mzaliwa wa Clermont. Juu, zebaki ilishuka kwa zaidi ya sentimita 8 ukilinganisha na mrija uliobaki mjini, na hapo ndipo uzito wa hewa ulipopata ushahidi wake. Karne mbili baadaye, 1876, kilele hicho hicho kikajengewa kituo cha kupima hali ya hewa, ambacho kizazi chake ni taasisi ya leo ya kupima dunia na anga, OPGC.

Katika mazingira hayo ndipo ilipo maabara utakayosomea, Laboratoire Magmas et Volcans, kwenye kampasi ya Cézeaux, pembeni ya mji upande wa Aubière. Hapa nataka ukae kidogo, kwa sababu ndipo wageni wengi wasipoelewa jinsi chuo kikuu cha utafiti cha Ufaransa kinavyofanya kazi. Maabara si mali ya chuo peke yake. Ni "unité mixte de recherche": chuo kinaweka wahadhiri na majengo, kituo cha taifa cha utafiti CNRS kinaweka watafiti wa kudumu na sehemu ya fedha, na kwa maabara hii IRD, shirika la Ufaransa la utafiti kwa maendeleo, nalo ni mshirika. Kwa hiyo anayekusimamia anaweza asiwe mhadhiri wa chuo hata kidogo. Anaweza kuwa mtafiti wa CNRS ambaye hafundishi darasani, ana mashine na data, na anatafuta mwanafunzi wa mradi. Pia ndiyo sababu mojawapo inayofanya orodha za kupanga vyuo vya dunia zikudanganye: zinapima chuo kizima, kwa ukubwa na kwa tuzo, wakati wewe utaishi ndani ya maabara moja. Chuo cha mkoani chaweza kuwa cha kawaida katika fani ishirini na kuwa cha mbele katika mbili. Volkano ni mojawapo ya hizo mbili hapa. Nyingine, niiseme kwa faida ya wasomaji wa uchumi, ni uchumi wa maendeleo katika kituo cha CERDI, kilichoanzishwa 1976, ambacho kimefundisha maofisa wengi wa wizara za fedha za Afrika.

Utafanya nini humo ndani? Chukua mfano mdogo. Jiwe la trakiti, jiwe la volkano lenye feldispa (madini meupe) kwa wingi, unaliona kila siku kwenye vipande vinavyotoka kwenye visima, na kreta ya Menengai kule Nakuru ni trakiti kwa wingi. Puy de Dôme nayo ni kuba la trakiti, la miaka kama 11,000 tu. Utalikata jiwe hilo, ulibandike kwenye kioo, ulisugue mpaka unene ubaki mikroni 30, mwanga upite, kisha uliweke chini ya hadubini. Utaona feldispa zimelala upande mmoja kama mbao zilizobebwa na mto: huo ndio mwelekeo magma ilivyotiririka kabla ya kuganda. Ndani ya fuwele fulani utaona tone dogo la kioo, magma iliyonaswa kabla haijafika juu na kupoteza gesi zake. Ukilipima tone hilo, unajua magma ilikuwa na maji kiasi gani, na kwa makadirio ilikaa kina gani. Maabara ina mashinikizo ya kuyeyusha mawe upya kwa joto na mgandamizo wa kilomita nyingi chini ya ardhi ili kuhakiki makadirio hayo. Upande mwingine wa nyumba, OPGC ina mfumo wa HOTVOLC unaofuatilia majivu na joto la volkano kwa satelaiti.

Sasa uaminifu. Hiyo ni sayansi ya magma. Si uhandisi wa hifadhi ya mvuke. Ikiwa ndoto yako ni kupima mtiririko wa kisima, kutengeneza modeli ya hifadhi, kuamua kisima kinachofuata kichimbwe wapi, masta ya volkano itakupa msingi wa kujua chanzo cha joto na umri wake, lakini haitakufundisha kazi hiyo. Kwa hilo kuna programu ya GRÓ ya mafunzo ya jotoardhi huko Iceland, iliyoanza 1979 na ambayo Wakenya wamepitia kwa wingi. Huingii kwa kuomba mwenyewe, mwajiri wako ndiye anayekupendekeza. Kuna pia taasisi ya jotoardhi ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, karibu na nyumbani na kwa gharama ndogo zaidi. Ningekuwa na haki ya kukuchagulia, ningekuuliza kwanza: saa ya mapumziko pale kazini, unasimama kuongea na watu wa mashine za kisima au unabaki unageuza vipande vya mawe mkononi? Kama ni mawe, Clermont. Kama ni kisima, usiende Ufaransa kwa sababu tu ni Ufaransa.

Twende kwenye "bure". Kabla ya 2019, mgeni alilipa sawa na Mfaransa. Tangu mwaka huo, anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya ana ada yake. Kwa 2025/26 ada ya masta kwa mgeni ni euro 3,941 kwa mwaka, wakati Mfaransa analipa 254. Viwango hupandishwa kidogo kila mwaka. Juu yake kuna mchango wa maisha ya mwanafunzi, CVEC, euro 105 mwaka huo, unaolipwa kwenye tovuti rasmi kabla ya kujisajili, na bila risiti yake usajili haukamiliki. Ila sheria inakiruhusu chuo kusamehe sehemu ya ada kwa hadi asilimia 10 ya wanafunzi wake, na vyuo vingi hutumia ruhusa hiyo kuwarudisha baadhi ya wageni kwenye ada ya Kifaransa. Usidhani utasamehewa, wala usidhani hutasamehewa. Muulize mratibu wa masta kwa maandishi, ukitumia maneno yao wenyewe, "exonération partielle", na utake kujua kama inatolewa kwa kila aliyekubaliwa au kwa kuomba, na tarehe yake ya mwisho. Uzamivu hauguswi na ada ya wageni: ada ni moja kwa wote, na mwenye mkataba wa uzamivu analipwa mshahara, euro 2,200 kwa mwezi kabla ya makato mwaka 2025.

Hesabu basi, kwa Sh 150 kwa euro moja ili tusipotee. Ada kamili na CVEC ni karibu euro 4,050, Sh 607,000. Kuishi Clermont bila anasa ni kama euro 750 kwa mwezi: chumba cha CROUS, shirika la huduma za wanafunzi, ni karibu euro 250 hadi 300 ukibahatika kukipata, na studio ya mtu binafsi ni 380 hadi 500. Mlo wa mchana kwenye mkahawa wa wanafunzi mwaka 2025 haukuzidi euro 3.30, na humo utakula kuku na wali ambao hautakukumbusha Mombasa. Mwaka mzima ni euro 9,000 za kuishi. Jumla inakaribia Sh 1,960,000. Akiba yako ni theluthi moja na ushee. Ukisamehewa ada, unahitaji kama Sh 1,400,000, na akiba inakuwa nusu.

Ubalozi nao una kipimo chao. Kwa visa ya masomo unatakiwa kuonyesha angalau euro 615 kwa kila mwezi, yaani 7,380 kwa mwaka, karibu Sh 1,107,000. Taarifa ya benki yenye 700,000 peke yake haitapita. Pesa zilizotua kwenye akaunti wiki moja kabla ya maombi nazo huzua maswali, kwa sababu wanaangalia mwenendo wa miezi kadhaa, si salio la siku moja. Hapa ndipo mjomba anaporudi kwenye hadithi kwa mlango mwingine. Mtu anayeishi Ufaransa kihalali anaweza kukuandikia barua ya kukudhamini, akiambatanisha hati zake za mshahara na "avis d'imposition", taarifa ya kodi ya mapato. Kwa hiyo usibishane naye sana kuhusu Paris. Mwambie Clermont ni safari ya saa tatu na nusu hivi kwa treni kutoka kituo cha Bercy, utakuja kumsalimia sikukuu.

Ufadhili: utaambiwa na kila mtu uombe Eiffel, ufadhili wa serikali ya Ufaransa, nao kwa masta hulipa euro 1,200 kwa mwezi. Tatizo ni umri. Kwa masta kikomo ni miaka 25, na wewe umepita, kwa hiyo usimpotezee muda mratibu. Kwa uzamivu kikomo ni 30, likumbuke hilo baadaye. Hata anayestahili haombi mwenyewe: chuo ndicho kinachopeleka jina lake mwanzoni mwa Januari, kumaanisha ni lazima awe amezungumza nacho Oktoba au Novemba. Kwa hali yako uliza mambo mawili: nafasi za ufadhili za ubalozi wa Ufaransa Nairobi, na ufadhili unaotolewa na chuo au na mradi wa maabara.

Kazi za mwanafunzi zinaruhusiwa, saa 964 kwa mwaka. Wengi hupiga hesabu ya saa zote mara kima cha chini na kujiona matajiri kabla hawajapanda ndege. Masta yenye maabara na safari za nyanjani haiachi saa zote hizo, na Clermont bila Kifaransa hutapewa hata kazi ya kaunta. Msaada wa kodi ya nyumba wa CAF, shirika la posho za familia, usiuweke kwenye bajeti kabisa. Masharti yake kwa wanafunzi wa nje ya Ulaya yanazidi kukazwa, na msaada huo ukipatikana utakuwa nyongeza tu. Kinachoweza kuhesabiwa ni posho ya mradi wa mwaka wa pili: mafunzo ya kazi yakizidi miezi miwili, sheria inalazimisha kulipwa, na kwa 2025 kiwango cha chini kilikuwa euro 4.35 kwa saa, hivyo kati ya 600 na 670 kwa mwezi. Miezi hiyo ya mwisho inakuwa nafuu.

Kuhusu kuruka mwaka. Ni kweli digrii yako ni ya miaka minne na ya kwao ni mitatu, ila hesabu ya miaka haikupeleki mwaka wa pili yenyewe. Kamati inasoma masomo yako, moja moja: petrolojia saa ngapi, jiokemia ipo, hisabati na fizikia zilifika wapi, ulifanya mradi wa nyanjani au la. Nakushauri uombe mwaka wa kwanza, ueleze kwenye barua kwamba ungependa wafikirie wa pili kama wanaona unafaa. Wanaoingizwa mwaka wa pili kwa nguvu hukutana na mradi wa utafiti baada ya miezi michache, wakati hawajazoea vifaa wala walimu, na nafasi nzuri za miradi zimeshachukuliwa na waliokuwapo mwaka wa kwanza. Pia ujiandae kwa alama zao. Ni juu ya 20, kumi ndiyo kupita, 12 ni nzuri, 14 ni nzuri sana, na 16 watu hugeuka kukutazama. Mwanafunzi kutoka kwetu akipata 11 hudhani ameanguka. Hajaanguka.

Kifaransa sasa. Masomo ya volkano ngazi ya masta hufundishwa kwa Kiingereza, lakini thibitisha somo kwa somo kwa mwaka utakaoomba. Nje ya ukumbi, benki, daktari, mwenye nyumba na barua za ofisi ni Kifaransa. Lenga kufika kiwango cha A2, yaani lugha ya msingi ya kila siku, kabla ya kuondoka, saa kama 160 hadi 200 za darasa. Ukianza mwezi huu, kwa saa tano kwa wiki, unafika.

Maombi kutoka Kenya yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa Études en France chini ya Campus France, shirika la Ufaransa linalohudumia wanafunzi wa kigeni. Hufunguliwa Oktoba kwa masomo ya Septemba inayofuata, tarehe za kufunga hutofautiana, na mtu mwenye busara humaliza kabla ya Desemba kwisha. Kuna ada ya kuhudumiwa inayolipwa kwa Campus France wenyewe, na hakuna ajenti anayehitajika popote. Sh 85,000 unazotakiwa kulipa ni za kujaziwa fomu unayoweza kuijaza mwenyewe jioni tatu. Mfumo unakupa nafasi kadhaa za programu. Usizijaze kwa kubahatisha. Anayekuhoji akikuta volkano, biashara ya utalii na usimamizi wa maji kwenye fomu moja, swali lake la kwanza ni kama unataka kusoma au unataka kusafiri tu. Barua yako iwe ya ukurasa mmoja, na aya moja ihusu kitu ulichokishika kwa mkono: kina fulani cha kisima ambapo mawe yalibadilika, ulidhani ni nini, ulithibitisha vipi. Omba ruhusa ya mwajiri kabla ya kuandika data za kisima, hizo si zako.

Ukikubaliwa, mambo matatu huangusha watu. Nyumba ni la kwanza: mwenye nyumba atataka mdhamini, na kwa kuwa hujafika miaka 30 na utakuwa na visa ya masomo unaweza kupata dhamana ya bure ya Visale, mpango unaomdhamini mpangaji kwa mwenye nyumba, uiombe kabla ya kusaini mkataba wa nyumba. La pili, visa ya muda mrefu lazima ihalalishwe mtandaoni ndani ya miezi mitatu tangu uingie. Ukipitiliza, unakuwa kama uliyeingia bila karatasi. La tatu ni dogo na ndilo linalosahauliwa: usajili ni mara mbili. Wa kwanza wa kiutawala, unaolipia na kupata kadi. Wa pili wa masomo yenyewe, "inscription pédagogique", kwenye idara. Mwenye kadi asiyefanya wa pili hukuta jina lake halipo kwenye orodha ya mtihani Desemba.

Nenda ofisi ya Campus France Nairobi ana kwa ana kabla ya kulipa chochote kama una pengo la miaka kwenye karatasi zako, kama majina kwenye cheti na pasipoti hayafanani, au kama ajenti tayari ana nakala za vyeti vyako. Hilo la mwisho ulimalize mapema, maana akifungua akaunti kwa jina lako, yako itakwama. Visa ikikataliwa, una siku 30 za kukata rufaa kwa tume ya rufaa za visa iliyoko Nantes, Ufaransa, na hapo tafuta mwanasheria au mtu anayejua njia hiyo, usiandike kwa hasira usiku ule ule.

Kwa pesa ulizonazo leo, nisingekushauri uache kazi Juni ukitegemea bahati. Omba Oktoba hii, andika kwa mratibu kuhusu ada wiki hii hii, na wakati huo huo zungumza na mwajiri kuhusu kuongeza mkataba mwaka mmoja. Jibu la chuo likija bila msamaha wa ada na bila mdhamini, muulize mratibu kama nafasi yako inaweza kuahirishwa au itabidi uombe upya, kisha urudi kisimani kuongeza akiba.